Mwavuli wa Mzee wa Gatini

Mume wangu aliniambia tunakwenda mji wa bandari. Bandari! Mimi nimekulia Kurasini, meli nimeanza kuziona kabla sijajua kuvaa viatu. Tuliposhuka Matema nikauliza, haya, bandari yenyewe iko wapi? Akanyoosha kidole. Nikaona kipande cha gati, boti moja imelala ubavu mchangani, mbuzi watatu, na vyungu vimepangwa chini vikisubiri mnunuzi. Nyuma yake milima ya Livingstone imesimama wima juu ya ziwa, pori tupu, wingu limeikalia kichwani. Nikasema, kumbe umenileta mwisho wa dunia. Akashusha mabegi. Tangu Kyela mjini alikuwa na uso wa mtu anayekwenda mahakamani.

Sababu niliijua. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa, na baba yake hajawahi kunikubali. Harusini hakuja. Shuka na blanketi tulizomtumia zilirudi na basi lilelile, na maneno juu: mkamwana wangu yuko Ndandalo, huyo wa Dar simjui. Huko Ndandalo alikuwa amemchumbia mwanawe binti wa watu wenye mashamba ya kokoa. Sasa mume wangu ameapa kwamba safari hii ni ya mwisho. Mzee akitukataa, hatakanyaga tena kwao, hata kwenye msiba. Aliyasema hayo akifunga zipu ya begi. Mimi moyoni nikasema, na atukatae upesi, turudi zetu.

"Kasubiri kwenye lile banda la abiria," akaniambia. "Mimi natangulia nyumbani kupiga hodi. Kwetu mke haingizwi hivihivi kwa baba mkwe. Na siku yoyote ukimwona, usimsogelee, usimtazame usoni. Pita mbali."

"Kwani baba yako simba?"

Akashika njia ya migombani. Mimi nikaburuta mabegi hadi bandani. Bati linavuja, benchi moja, na juu yake kibabu kimoja chenye koti lililopauka na mwavuli mweusi magotini, kinasubiri boti ya kwenda Lupingu. Nikaketi pembeni yake, sikukisalimia. Nilikuwa na hasira, na mvua ya Kyela, ile isiyoomba ruhusa, ilikuwa imeshaanza. Nikampigia dada yangu Dar.

"Dada, niko porini. Watu wa huku wanajenga gati halafu wanaanika nguo juu yake. Shemeji yako kaenda kwa baba yake, yule mzee mwenye roho mbaya. Eti mpaka aombwe! Aombwe nini, naye hata blanketi karudisha? Na huyu mjinga wangu kanunua koti jingine la kumpa. La tatu hilo! Mawili yako kabatini, kila mwaka anatoa moja kulipiga pasi, halafu anakaa nalo mapajani kama mfiwa. Nimechoka, dada."

Kibabu kikainuka ghafla. Kikavuta koti kikajifunika kichwa, kikaacha mwavuli benchini, kikatoka zake kwenye mvua. Hatua ishirini hivi, kikasimama kikinipa mgongo.

Looo! Nikakata simu. Mimi nanuka? Nikapaza sauti, kwa kejeli kabisa: "Shikamoo, mzee!"

Kimya. Maji yanamchuruzika.

"Shikamoo!"

Akajikunyata tu.

"Shi-ka-moo!"

Hakugeuka. Nimedharauliwa na makondakta na makarani, lakini mzee kukataa shikamoo sijapata kuona. Nikasonya. Bati lilikuwa linanidondokea, nikachukua mwavuli wake nikaufungua. Boti ikaja, ikapakia akina mama na vyungu vyao, ikaondoka. Hakupanda. Nikasema, mwehu huyu, anaikosa boti anaiangalia.

Mume wangu akarudi na shangazi yake, wamejifunika majani ya mgomba. Sura yake ilinimaliza. "Hayupo," akasema. "Amesikia tunakuja, asubuhi akaaga kwamba anakwenda Lupingu mpaka tuondoke." Akakaa juu ya begi. "Basi. Yameisha."

Nikasema haya twende, na kweli nilikuwa nimeshaokota kibegi changu. Shangazi akanikodolea macho. "Mwanangu, huo mwavuli umeupata wapi?"

"Wa yule mwehu pale. Nimemwamkia mara tatu, ananipa mgongo."

Shangazi akatazama nje. Akaweka mkono mdomoni, kisha akautoa, akapiga kigelegele kilichowatimua mbuzi. "Ndaga! Ndaga fijo! Asante sana, Mungu wangu!" Akanishika mabega. "Kwetu si mkamwana peke yake anayemkwepa baba mkwe. Na baba mkwe humkwepa mkamwana. Hamtazami, hamwitikii. Ungekuwa mpita njia angekwambia marahaba, akakaa na mwavuli wake. Yule anawaitikia mpaka walevi!"

Mume wangu alikuwa ameshasimama. Aliutazama ule mgongo uliolowa, akalia pale pale mbele za watu, wala hakujifuta.

Na mimi? Nilikuwa nakumbuka neno moja moja. Roho mbaya. Mjinga wangu. Mzee ameyasikia yote akiwa karibu nami, bega kwa bega. Nikatupa mwavuli, nikataka kukimbia nikapige magoti kwenye tope nimwombe radhi. Shangazi akanidaka kitenge.

"Unakwenda wapi? Ukimfuata atakimbia mpaka atumbukie ziwani!"

Ikabidi nizungushwe kwa nyuma, kupitia migomba, wakati mume wangu anakwenda kumvika baba yake koti. Usiniulize lilimkaa vipi. Sikuruhusiwa kutazama.

Nililala nyumba ya shangazi. Ugali wao nilishindwa kuumeza. Asubuhi shangazi akaingia na kikombe cha chai, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nimetumwa na kaka yangu," akasema. "Amesema nikuambie marahaba."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ngoja, sijamaliza. Amesema zilikuwa tatu. Marahaba, mwanangu. Marahaba."