Nataka Zikae

Juzi, hapa Kibaha, nilimwona mama akimpaka mwanawe mafuta ya nazi miguuni. Harufu ile ilinirudisha kisiwani Chole, alasiri ambayo bibi alinisugua kwa dodoki mpaka visigino vikawaka moto, akanipaka mafuta hayo hayo, kisha akanibana katikati ya magoti yake akanisuka nywele, akikaza kila mstari.

“Bibi, unaniumiza!”

“Vumilia, mjukuu wangu. Nataka zikae.”

Nilidhani tunakwenda harusini. Kumbe shangazi alikuwa njiani kuja kunichukua nikaishi kwake Kibaha, na bibi alijua huko sitapata wa kunisuka.

Tulipofika Kibaha, kesho yake shangazi alininyoa kipara, maana shule niliyokuwa naanza haikutaka nywele. Misuko ya bibi ilianguka sakafuni, bado imekaza.