Kaka Marwa Alisoma Bila Kukwama

Nakumbuka siku niliyomrudisha kaka yangu Marwa darasani kwa lazima. Mwanangu, hadi leo nikiikumbuka natamani ardhi inimeze.

Marwa alikuwa mwalimu hapa Turwa. Kabla hajaanguka na pikipiki akaumia kichwa, kila Jumapili mchana kina mama walimletea barua za watoto wao walioko mbali awasomee, naye akiigiza sauti ya kila mtoto mpaka wanacheka huku wanalia. Siku zile zilikuwa tamu, nisikufiche.

Baada ya ajali nilimpeleka hospitali Mwanza. Daktari akampa karatasi ya maneno magumu ayasome kwa sauti, naye akayasoma yote bila kukwama. Daktari akasema, "Hii inatuonyesha akili aliyokuwa nayo kabla hajaumia. Kesho tutapima aliyobaki nayo." Mimi na ujuaji wangu nilisikia kusoma tu. Nikamwambia kaka, "Twende nyumbani, umepona." Haraka haraka haina baraka, lakini ujanani nani angeniambia kitu?

Jumatatu nikampeleka shuleni mwenyewe, nikakaa nyuma ya darasa nikijivuna. Akasoma ukurasa mzima wa hadithi kwa sauti yake ile ile. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo yule mzee alikosea wapi?" Marwa akatazama kitabu, akaanza ukurasa ule ule upya. Alipoanza mara ya tatu watoto wakacheka. Akanigeukia mimi.

"Bhoke, wanacheka nini?"

Jioni ile mama yetu, ambaye hakuwahi kusoma hata siku moja, aliniita jikoni akanisema kwa Kikurya, taratibu. "Umesikia mdomo wake, ukadhani umemwona mwanangu. Kesho mnarudi kwa daktari, na safari hii utakaa mpaka amalize."

Majuto ni mjukuu. Tulirudi, vipimo vikaisha, daktari akaiandikia shule barua kwamba Marwa anasoma lakini haelewi tena anachosoma. Shule ikampa Marwa kazi ya kuwasomea hadithi watoto wa darasa la kwanza, ambao walitaka sauti tu.

Mwanangu, nawe unamuuguza mumeo aliyeumia kichwa. Akisoma vizuri, hayo yanakuonyesha alivyokuwa, hayakuambii anaweza nini leo. Usimwite mvivu. Msikilize daktari hadi mwisho, kisha mpende huyu uliyenaye, maana yule wa zamani harudi kwa kulazimishwa. Mungu akupe uvumilivu nilioukosa mimi, na mumeo asichekwe kwa sababu ya haraka yako.