Msoma Mita na Mkia wa Kochi

Aliyesema mbwa akitikisa mkia amefurahi, huyo hajawahi kusoma mita za maji. Hayo ni maneno ya mtu anayewaona mbwa kwa mbali, amekaa zake na kikombe cha chai. Mama Mita mwenyewe aliyaamini kwa siku nne tu. Siku ya tano ya kazi, akiwa na miaka ishirini na minne na sare ya idara ya maji bado inanukia duka, alifungua geti la nyumba ya kona akakuta mbwa wa kahawia kasimama, mkia juu, unatikisika harakaharaka. Akamwambia, "Hujambo, mzuri?" Yule mzuri akamrukia, akamng'ata paja, na suruali ikachanika kutoka mfukoni hadi gotini.

Akatoka pale anachechemea, mkono mmoja umeshika kadi za mita, wa pili umeshika suruali. Nyumba ya tatu mbele palikuwa na kibaraza cha fundi makochi, kijana mwembamba mwenye misumari midogo mdomoni, na huyo kijana hakucheka. Mpaka leo Mama Mita analihesabu jambo hilo katika wema wake. Alitema misumari kiganjani, akamletea maji na sabuni aoshe kidonda, akampa shuka ajifunge nyuma ya kochi, kisha suruali akaishona kwa uzi wa makochi. Palipokosa kitambaa akatia kiraka chekundu cha mahameli. Bosi alifoka kweli kuhusu ile sare. Msichana akachomwa sindano zahanati, kesho yake akarudi kwa fundi kushukuru, keshokutwa akarudi kushukuru tena, na shukrani ziliendelea hivyo hadi wakaoana.

Lakini lile jino lilimfungua macho. Kuanzia siku ile, akifika getini, kabla ya kutazama mita alitazama mkia. Ukisimama wima, mgumu, unacheza ncha tu, huo si furaha hata kidogo. Huo ni onyo, rudi ulikotoka. Ukiwa umenyooka sawa na mgongo, umetulia, mbwa anauliza wewe ni nani, basi jitambulishe na usiwe na papara. Ukiingia katikati ya miguu, mbwa anaogopa, na hapo wengi hukosea wakadhani mwoga hang'ati. Anang'ata vizuri sana, ila anasubiri ugeuke. Mkia wa heri ni ule mlegevu, unaokwenda kwa upana, kiuno nacho kinakwenda, mpaka mbwa anakaribia kujiangusha. Huo ukiuona, ingia, piga magoti, soma mita yako kwa raha.

Yote haya aliyaandika kwenye daftari, pembeni ya namba za nyumba. "Geti la bluu: mkia wima, piga hodi usisogee." "Nyumba ya mwalimu: anaogopa, usimpe mgongo." Wenzake walimcheka mwanzoni. Baadaye, walipoanza kurudi ofisini na suruali zenye hewa, walikuja mmoja mmoja kunakili. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba mageti yenye kibao cha Mbwa Mkali mara nyingi yana mbwa anayelala chali akuombe umkune tumbo, na kwamba wa kuogopwa ni yule asiyetangazwa.

Jioni alirudi nyumbani na miguu imevimba na habari tele. Alikaa kwenye kochi la mteja lililokuwa bado halijavikwa kitambaa, akamsimulia mumewe mikia ya siku nzima. Fundi alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wote, maana misumari mdomoni haikumruhusu kujibu. Alitikisa kichwa, akagonga nyundo, akaguna panapostahili. Ilikuwa miaka mizuri ile, jamani. Ukiwa ndani yake unaona ni uchovu tu na vumbi la sponji, na wala huoni kwamba ndiyo yenyewe.

Kochi alikuja katika miaka hiyo, karibu na mwisho wake. Mteja alileta kochi kuukuu la kubadilishwa kitambaa. Fundi alipochana sehemu ya chini akakuta kitoto cha mbwa kimelala kati ya springi, kimejikunja, kinakoroma. Mteja akasema si wake. Fundi akasema basi ni wangu, na jina hakuhangaika nalo. Kochi alikua mkubwa, mweupe mwenye baka jeusi mgongoni, na mkia mnene usiojua adabu. Mama Mita akikata kona tu, ule mkia ulianza kupiga debe la misumari, na fundi alijua aweke chai jikoni.

"Huyu ananipenda mimi," Mama Mita alisema.

"Wewe anakupokea kwa heshima," fundi alijibu, siku ambazo mdomo ulikuwa mtupu. "Kupenda ananipenda mimi."

Wakabishana hivyo miaka tisa. Mama Mita alistaafu, daftari akaliacha ofisini, na mabishano yakahamia mchana.

Miezi minane iliyopita fundi aliondoka. Moyo ulisimama akiwa anapima kitambaa, futi bado ipo shingoni. Siku ya tatu ya msiba, wanaume walikuwa wanahamisha vitu kibarazani ili watu wapate pa kukaa, na Mama Mita alikuwa chumbani na wanawake. Kochi akatoa sauti moja ndefu ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Shangazi mmoja akasema, "Jamani, hata mbwa analia," na kilio kikaanza upya.

Tangu siku ile mkia wa Kochi ulilala. Haukuingia katikati ya miguu wala haukusimama. Uliteremka tu na kubaki hapo. Mtu aliyesoma mikia miaka thelathini na moja hahitaji kuambiwa. Mbwa amefiwa. Wiki za mwanzo jambo hilo lilimfariji Mama Mita. Alikaa naye kibarazani, wafiwa wawili, kila mmoja na yake. Lakini miezi ilipopita, faraja ikaanza kuchacha. Akirudi kutoka dukani, Kochi anakuja mlangoni, anamtazama, anajiegemeza mguuni kwake, na mkia hausemi kitu. Mama Mita akaona mbwa anatazama nyuma ya bega lake, anayetafutwa ni mwingine. Kumbe marehemu alikuwa na haki katika ule ubishi. Siku moja akamwambia mbwa, "Nami pia nimefiwa, mbona nakupikia?" Baada ya hapo akaacha kumsalimia. Alimwekea chakula, akampita. Ukimwuliza angekwambia ana shughuli nyingi, lakini ukweli ni kwamba aliumia.

Jumapili iliyopita binti yake alikuja na mjukuu, msichana wa miaka minne. Mtoto akamkumbatia Kochi kwa nyuma, kwa uzito wake wote. Kochi akageuka, akanguruma, meno yakapita kwenye mkono wa gauni. Ngozi haikuguswa, lakini mtoto alilia mpaka akakohoa.

"Mama, huyu mbwa aondoke," binti alisema. "Leo ni gauni. Kesho je?"

"Hajawahi kufanya hivyo."

"Kabla baba hajafa hajawahi. Sasa hivi anakupenda huyu? Sema kweli. Mimi naona hata mkia hakuonyeshi."

Binti alikuwa amesema kilekile Mama Mita alichokuwa anajiambia mwenyewe. Kulikuwa na mfugaji wa kuku, rafiki wa mkwewe, anayetaka mbwa wa kufunga karibu na mabanda. Angekuja Jumamosi kumchukua. Alitaka kitu kimoja tu, kadi ya chanjo iliyo sawa. Mama Mita akasema sawa, na usiku ule akajihisi mwepesi, na akajichukia kwa wepesi huo.

Alhamisi akampeleka Kochi kwa daktari wa mifugo. Walitembea polepole, Kochi akisimama kila baada ya hatua kadhaa, Mama Mita akivuta kamba na kusema, "Twende, babu wee." Daktari alikuwa dada kijana, glavu za mpira zimejaa manyoya ya mgonjwa aliyetangulia. Aliamkia, akaandaa sindano ya chanjo, kisha akapitisha vidole mgongoni mwa Kochi kama wafanyavyo wote. Alipofika penye shina la mkia, Kochi alitoa sauti.

Mama Mita aliijua. Ilikuwa ni ile ile ya msibani.

"Aliwahi kuangukiwa na kitu?" daktari aliuliza.

"Hapana," alisema, halafu akakumbuka. Aliona kibaraza siku ile ya tatu, wanaume wanahamisha vitu, na kesho yake asubuhi fremu ya kochi la watu watatu imelala ubavu, palepale Kochi alipozoea kulala. Aliiona kwa macho yake. Aliiinua yeye mwenyewe akaiegemeza ukutani, wala hakujiuliza.

Daktari akambonyeza tena, taratibu, akaeleza. Pingili za mwisho za uti wa mgongo ziliumia na zikaunga vibaya, mishipa ya fahamu imebanwa. "Mkia huu hawezi kuuinua, mama. Si kwamba hataki. Ukiguswa kwa nguvu hapa ni maumivu makali, lazima ageuke."

Kwenye kazi yake Mama Mita alikuta mita mbovu mara nyingi. Namba zilezile mwezi huu na mwezi ujao, mshale hauchezi. Hakuwahi hata siku moja kuandika kwamba nyumba ile haina watu. Aliandika, mita imekwama, akagonga mlango, akauliza wenyeji. Hata mgeni wa siku ya kwanza katika kazi ile anajua hivyo. Na yeye, kwenye nyumba yake mwenyewe, alikuwa ameangalia mita iliyokwama miezi minane akasema hakuna mtu ndani.

"Nilidhani ni huzuni," alisema. "Nilidhani hanitaki."

"Ukirudi nyumbani anafanya nini?"

"Hakuna. Anakuja tu mlangoni. Anajiegemeza hapa." Akagusa mguu wake.

"Anainuka?"

"Kila mara."

Daktari alivua glavu moja. "Kwa mgongo huu, mama, kuinuka kwenyewe ni shughuli. Hawa wakiumwa hivi huwa hawaamki ila kwa chakula."

Mama Mita alihesabu bila kutaka. Dukani, kisimani, kanisani, kwa jirani kuazima chumvi. Mara tatu kwa siku, mara nne, miezi minane. Kila mara yule mbwa alisimama na maumivu yake akaja mlangoni kumpokea, na kila mara yeye alimpita na mfuko wake mkononi akaenda jikoni. Akalia pale pale kliniki, mbele ya mwanamume mwenye paka kwenye kapu, wala hakujifuta.

Kochi alichomwa sindano ya maumivu, akapewa vidonge vya mwezi. Daktari alisema vitapunguza uchungu, lakini mkia asiutarajie sana. Jioni Mama Mita akampigia binti yake simu.

"Mwambie wa kuku asije."

"Mama, na mtoto?"

"Mtoto mlete. Nitamwonyesha pa kushika na pasipo pa kushika. Wewe mwenyewe ulifundishwa na mimi, hujang'atwa mpaka leo."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kununua mkate. Aliporudi, alipofungua tu mlango, alisikia kucha zikikwaruza sakafu. Kochi ameanza ile kazi ya kukusanya miguu ya nyuma.

"Usiinuke," Mama Mita alimwambia. "Kaa, mwenzangu. Leo nakuja mimi."

Akauweka mkate chini, akaenda. Magoti yake nayo hayakuwa ya juzi, ilimchukua muda kufika sakafuni.