Nilisogeza pellet grill chini ya dirisha la chumba cha pamba ili ipate joto

Wakuu, mwadila, kama tunavyosalimiana huku Usukumani.

Naandika kwa kidole gumba kimoja, vingine vimefungwa bandeji, kwa hiyo mnivumilie. Sitaongeza chumvi. Aibu niliyo nayo inatosha.

Nipo Bariadi, nakaa kwa mama. Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu vitu. Nina ugonjwa mmoja: kitu kikiwa karibu sawa, silali. Bora kiwe kibovu kabisa.

Mwaka huu nikatengeneza pellet grill. Kwa wasioijua, ni jiko la kuchomea nyama linalojilisha lenyewe. Kuna kisanduku cha pellets, vipande vidogo vilivyoshindiliwa kama chakula cha kuku. Motor inazungusha skrubu ndefu ndani ya bomba, skrubu inasukuma pellets kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto, na feni inapuliza.

Langu ni pipa lililokatwa, motor ya wiper ya gari, na feni niliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Pellets nilishindilia pumba za mpunga na makapi ya mbegu za pamba. Yale makapi huwa yanabaki na nyuzi za pamba. Niliziona. Nikasema zitasaidia kuwaka.

Shida ikawa joto. Wale wa kwenye video wanafika nyuzi 230 wakiwa wanapiga stori. La kwangu likifika 150 linagoma. Upepo wa kiangazi ukipiga linashuka zaidi, nyama inachemka badala ya kuchomeka.

Na nilikuwa nimeshaahidi mbuzi. Jumapili mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara.

Mjomba, kaka yake mama, alitoka Shishiyu asubuhi. Akalizunguka jiko mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe mnadani.

"Mpwa, hili ni jiko au redio?"

"Jiko, mjomba."

"Mbona lina waya? Mbuzi anapigiwa simu?"

Wageni wakacheka. Na mimi nikacheka. Sindano ya kipimajoto cha jiko ilikuwa kwenye 140 na watu walishakaa.

Hapa ndipo naomba mnitukane taratibu.

Nilitafuta sehemu isiyo na upepo. Uwanja wote ulikuwa unavuma isipokuwa sehemu moja, ukutani, chini ya dirisha la chumba cha nyuma. Nikalisogeza pale. Sindano ikaanza kupanda. Nilifurahi mpaka nikapiga picha.

Chumba kile kilikuwa na pamba ya mama. Yote. Haijafungwa, imelundikwa kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, inasubiri kupelekwa kuuzwa. Dirisha lilikuwa wazi ili pamba ipate hewa. Mama hana kazi nyingine wala shamba lingine. Ada ya mdogo wangu, chakula, bati za nyumba, vyote vilikuwa mle ndani, vyeupe.

Nilijua. Ila macho yangu yalikuwa kwenye sindano.

Umeme ukakatika.

Feni ikanyamaza, skrubu ikasimama. Kwa kuwa hakukuwa na hewa ya kuuvuta moto mbele, ukaanza kurudi nyuma ndani ya bomba, pellet kwa pellet, hadi kwenye kisanduku. Moshi mzito wa njano ukatoka. Mtu mwenye akili angemwaga mchanga. Mimi nikafungua kifuniko nione.

Moto ulilipuka usoni kwangu. Nyusi zimeondoka. Zile nyuzi za pamba zikaruka juu zikiwa zinawaka, upepo ukazipiga ukutani, zikapanda.

Mjomba alimwaga ndoo ya maji, halafu nyingine. Moto ukazima. Wageni wakapiga makofi, mmoja akasema leo tutakula wali mtupu.

Mama hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia dirisha.

Wakuu mliokulia huku mnajua. Moto wa pamba hauna haraka. Cheche ikiingia inalala ndani, inatafuna polepole bila mwali, halafu nyumba inaondoka watu wakiwa wanakula. Na ukimwaga maji juu, unaharibu pamba na moto chini unaendelea.

Mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Funga dirisha. Tuitoe yote."

Wageni wakavua makoti. Tukatandika maturubai, mashuka, hadi vitenge vya kina mama, uwanja mzima. Kila aliyebeba alikuwa anapapasa kabla ya kutandaza.

Mimi nilibaki chumbani, naingiza mkono kwenye lundo. Nahisi joto. Nauhamisha, joto. Kila mahali joto! Sikuweza kujua kama ni moto au ni mimi. Nikakimbilia kipimajoto kingine, kile chenye ncha cha kuchoma kwenye nyama, nikawa nachoma nacho pamba. 30. 31. 30. Chini ya dirisha, 38. Nikasukuma zaidi. 60, na namba inakimbia.

"Mama, nimeupata!"

"Usifukue! Ngoja beseni la maji!"

Nilishafukua. Lile shimo lilikuwa jeusi na pembeni jekundu. Lilipopata hewa likashika. Nikalikumbatia bonge zima na kukimbia nje.

"Tupa! Tupa!" Mjomba alikuwa anapiga kelele.

Nitupe wapi? Uwanja wote ulikuwa mweupe. Pamba kushoto, pamba kulia, upepo unavuma, na mikononi mwangu kuna moto. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Kulikuwa na kinjia chembamba kati ya maturubai, nikapita hapo nikiwa nimeinama, mjomba nyuma yangu anapiga cheche kwa koti lake la kanisani. Mwisho wa kinjia kuna hori la maji la ng'ombe. Niliingiza mikono yote hadi mabegani.

Nikabaki hapo hapo, nimepiga magoti, sitaki kuitoa.

Mama alikuja akanishika shingo kwa nyuma.

"Kwa nini hukutupa?"

"Pamba ilikuwa kila mahali, mama."

"Pamba nitalima mwakani. Wewe nitakulima wapi?"

Akaniachia, akarudi kupapasa. Walipapasa mpaka jioni, wameshiba wali na maharage. Pamba imepona, ukiacha lile bonge.

Nilichojifunza: jiko likikosa joto, lirekebishe jiko, usilisogeze kwenye nyumba ya watu. Moshi ukitoka kwenye kisanduku, usifungue. Na usichome kitu chenye nyuzi za pamba.

Mikono itapona, daktari kasema. Ila bado naingia chumba kile mara kwa mara, nanusa. Mama ananikuta, ananusa na yeye.

Swali kwa wenye majiko ya motor: umeme ukikatika, zile pellets zilizobaki kwenye bomba mnazizuiaje zisirudishe moto? Naomba majibu ya mliokwisha kuungua. Wengine karibuni mnicheke, ila msiniulize lilifika nyuzi ngapi.