Rili Iliyotolewa Makambini

Kebaso Nyabuto alipofika juu ya ngazi za ofisi ya wakala wake, mjini Kericho, alishika ukuta kwanza akavuta pumzi. Magoti yake yalikuwa yamezeeka kabla ya mwenyewe. Zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa amesimama kwenye sakafu ya saruji ya kiwanda cha chai, akirekebisha mashine za kusaga majani, na saruji haimhurumii mtu hata akiifagia kila asubuhi. Begani alibeba kijifuko cha kitambaa, na ndani ya kijifuko mlikuwa na rili ya kuvulia samaki ambayo aliibuni na kuitengeneza mwenyewe.

Siku hiyo alikuwa azungumze, kwa njia ya kompyuta, na mkaguzi wa hataza aliye Nairobi. Hataza ni ile haki ambayo serikali humpa mtu aliyebuni kitu kipya, ili kwa muda uliowekwa mwingine asikitengeneze bila idhini yake. Kebaso hakulijua neno hilo alipoanza. Baada ya miaka ya kungoja, kujibu maswali na kungoja tena, alikuwa akiliota.

Rili, kwa asiyevua, ni kigurudumu kidogo kinachofungwa kwenye ufito, kikakunja uzi wa ndoano. Kebaso alivua Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato na watu wa nyumba yake hawaichezei. Alivua kwenye bwawa la shamba la chai, na mara nyingine mtoni Kiptiget, kwenye maji baridi ambamo wazungu wa zamani walipanda samaki wa trauti. Kufika huko kulikuwa lazima kupita katikati ya michai, na mchai una vidole. Unanasa uzi, unauvuta, na mtu akigeuka anakuta kifuniko cha rili kimeanguka kusikojulikana na uzi umetambaa kichaka hadi kichaka kama utando wa buibui. Wengine walitukana wakaenda zao. Kebaso, aliyelelewa asitukane, alikwenda akafikiri. Alikereza kifuniko cha aluminiamu chenye komeo dogo na springi ndani yake. Kidole gumba kilekile kinachozuia uzi usikimbie ndicho kinachobonyeza komeo. Ukibonyeza, kifuniko kinafunguka; ukiachilia, kinajifunga, na hata ukipita michai ya shamba zima uzi hautoki.

Hakuwa na tamaa ya utajiri. Alikuwa amechoka, na alitaka mahali pa kuchokea. Mwisho wa mwaka angestaafu, na anayestaafu huondoka kwenye nyumba za kampuni. Yeye na mkewe Bosibori walikuwa na kiwanja kidogo Ndanai, ambako msingi wa nyumba ulijengwa ukaachwa mpaka nyasi zikaota ndani ya vyumba. Mfanyabiashara mmoja wa Nakuru, muuzaji wa vifaa vya uvuvi, aliijaribu rili akaipenda, akasema maneno mafupi: mzee akileta hataza, wataitengeneza pamoja, na kwa kila moja itakayouzwa mzee atapata fungu lake. Asipoleta, hakuna la kuzungumza. Kwa hiyo hataza ilikuwa ndiyo mabati na milango ya nyumba ya Ndanai.

Wakala wake, Atuti, aliyemshughulikia ombi hilo, alikuwa kijana wa watu wao waliohamia huku kutoka Kisii, mpole, mwenye kufunga tai hata siku ya joto. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri. Mkaguzi alipoandika mara ya kwanza kwamba huko ng'ambo rili zenye vifuniko zilikuwako tangu zamani, Atuti alijibu kwa subira kwamba zile hufunguliwa kwa mikono miwili, nayo hii kwa kidole kimoja huku mtu akiendelea kuvua. Mkaguzi alikubali. Yalibaki mazungumzo haya tu.

"Leo ni kama kubariki chakula, mzee," Atuti alimwambia akimvutia kiti. "Chakula chenyewe kimeshaiva."

Kebaso alicheka kidogo kwa adabu, akaketi mbele ya kompyuta.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Cherotich, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alimsalimu, akamuuliza habari za mvua, akamwomba aifungue na kuifunga rili mbele ya kamera. Kebaso akafanya hivyo. Alimwomba afanye kwa mkono wa kushoto. Akafanya. Cherotich alisema ameridhika, na Atuti, aliyekaa pembeni, akalegeza tai yake.

"Jambo dogo la mwisho, Mzee Kebaso," Cherotich akasema. "Ile ya kwanza kabisa uliyotengeneza iko wapi? Ningetaka kuona kama komeo lilikuwa hivihivi."

"Lilikuwa hivihivi, madam. Lakini ile sinayo."

"Ilipotea?"

"Hapana. Nilimpa Mungu."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo mtu atadhani Kebaso alikuwa mjanja au mjinga, na hakuwa yeyote kati ya hao. Kila Agosti, watu wa kanisa lake hukusanyika makambini. Makanisa ya eneo zima hukutana chini ya hema moja kwa juma zima, wakihubiriwa, wakiimba na kutoa. Na katika kutoa, watu wa kule walioshika mafundisho hawampi Mungu masalio. Ng'ombe akizaa mara ya kwanza, maziwa ya kwanza hupelekwa. Shamba jipya la mahindi likikomaa, debe la kwanza hupelekwa. Huitwa malimbuko. Rili ya kwanza ilipokamilika, ikafungika na kufunguka, Bosibori aliishika akaigeuzageuza, akasema ya kwanza haikuwa yao. Kebaso hakubishana, kwa kuwa na yeye alikuwa akiwaza hivyohivyo.

Akaipeleka. Mchungaji akamsimamisha mbele ya hema lote, akamwambia aeleze Mungu amempa hekima gani. Kebaso akaeleza komeo, springi na kidole gumba, akaifungua na kuifunga, na watu wakasema amina. Siku ya mwisho, wazee wa kanisa wakavinadi vitu vyote vilivyotolewa ili fedha ziingie kwenye ujenzi, na rili ikanunuliwa na Mzee Johana wa Londiani, mkulima wa viazi mwenye kidimbwi cha samaki. Tangu siku hiyo alikuwa akivua nayo.

Baadaye sana ndipo yule mfanyabiashara wa Nakuru alipomtia Kebaso wazo la hataza. Atuti, akitayarisha ombi, alimuuliza kama amewahi kuiuza rili hiyo au kuionyesha hadharani. Kebaso alijibu hapana, na moyo wake haukumshtaki. Hakuwa ameuza, kanisa ndilo lililouza. Wala hakuwa ameonyesha. Alikuwa ametoa sadaka. Katika akili ya mtu kama yeye, kilichowekwa mbele za Mungu hakihesabiwi kuwa kimewekwa sokoni.

Sasa Cherotich alitaka kujua mtu humpa Mungu rili kwa njia gani, kwa kuwa yeye alikulia katika kanisa lisilokuwa na makambi. Kebaso akamweleza yote niliyoyaeleza hapa, polepole. Alipofika pale pa kusimama mbele ya watu, alimwona yule mama ameacha kuandika.

Cherotich alimfafanulia bila haraka. Kwa macho ya sheria, hadharani ni popote ambapo watu wasiofungwa na siri wamekiona kitu wakakielewa, iwe sokoni, shambani au kanisani. Kitu kilichokwisha kujulikana si kipya tena. Hata hivyo sheria ina huruma kidogo: mbunifu akikionyesha mwenyewe ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, husamehewa.

"Wewe uliomba mwezi wa kumi," alisema. "Kama ni makambi ya Agosti ya mwaka huohuo, hakuna tatizo lolote. Kama ni ya mwaka uliotangulia, muda umepita. Yalikuwa ya lini?"

 Atuti alikohoa.

"Makambi ni kila mwaka, mzee," alisema kwa sauti ya kumsaidia mtu kukumbuka. "Yanafanana. Labda yalikuwa yale ya karibu, siku chache kabla hujaja kwangu. Fikiria vizuri."

Kuna uongo ambao watu wameuzoea mpaka wanauita kumbukumbu. Haumwibii mtu mfukoni, haumwagi damu, na anayeusema hulala usingizi. Umejenga nyumba nyingi hapa kwetu, na wanaoishi ndani yake hutoa sadaka nono. Kebaso aliujua. Aliujua pia msingi wa Ndanai na nyasi zake, na aliyahisi magoti yake chini ya meza. Kuhamisha Agosti moja tu, basi. Hakuna kitabu kilichoandikwa siku ile wala cheti kilichotolewa. Alikuwa yeye na ulimi wake.

Aliangalia rili mkononi, akaifunga.

"Yalikuwa ya mwaka uliotangulia, madam," akasema. "Mwaka wa mvua ya mawe. Majani ya chai yalipukutika yote, na hema letu lilitoboka. Siwezi kuuchanganya na mwingine."

Cherotich aliuandika mwaka huo. Kisha akamshukuru, akasema atapata jibu rasmi, na akamwomba asimame polepole maana alimwona akishika meza.

Kompyuta ilipozimwa, Atuti alivua tai akaitupa mezani. Hakufoka. Alisema tu kwamba miaka yote ile ya kuandikiana imekwenda na maji, na kwamba hakuna mtu Nairobi ambaye angepanda hadi Londiani kumuuliza mkulima wa viazi alinunua rili mwaka gani.

"Hakuna ambaye angejua, mzee."

"Hema lote linajua, Atuti."

"Hema lote lilishasahau."

"Basi ninajua mimi," Kebaso akasema, "na sina nguvu ya kukumbuka vitu viwili kwa pamoja."

Akashuka ngazi akitanguliza mguu wa kulia, ambao ulimuuma zaidi ya mwenzake.

Bosibori alikuwa akipepeta mtama Kebaso alipofika nyumbani. Alimtazama usoni mara moja tu, akauweka ungo chini. Kebaso alimsimulia akiwa bado amesimama mlangoni, kwa kuwa alijua akiketi hatamaliza.

"Ni mimi nilikwambia uipeleke," Bosibori akasema.

"Ulisema kweli. Ya kwanza haikuwa yetu."

"Tungengoja kidogo, Baba Phelis. Tungemwona wakala kwanza, ndipo tuitoe."

"Mungu hapangi foleni nyuma ya wakala," Kebaso akajibu, lakini kwa sauti isiyo na nguvu, kama mtoto anayekariri fungu la Biblia siku ya Sabato.

Bosibori alirudi kwenye ungo. Alipepeta kwa muda mrefu kuliko mtama ulivyohitaji. Mwishowe alisema, bila kuinua kichwa, "Na ungemwambia ni ya mwaka ule mwingine, Agosti ningeketi vipi na wewe kwenye hema lilelile?" Kebaso akaingia, akaketi. Walikula, wakalala. Kusema kweli hakumpumzishi mtu, kinyume na wanavyodhani wale wanaoisema mara moja kwa mwaka. Kesho yake aliamka na uchovu uleule, akaenda kiwandani.

Jibu lilipokuja lilikuwa la kukataliwa, kwa lugha ya heshima. Yule wa Nakuru naye akawa hashiki simu. Mwisho wa mwaka, Kebaso na Bosibori walihamisha vyombo vyao hadi chumba cha kupanga Kapsoit, na Kebaso akakodi kibanda cha mbao karibu na karakana ya Kimutai, kijana mchomelea vyuma. Hapo alitengeneza sufuria zilizotoboka, majembe yaliyolegea na, kila alipopata aluminiamu, rili.

Kimutai alizitazama rili hizo kwa majuma kadhaa. Asubuhi moja alikuja amevua kofia.

"Mzee, nimesikia walikataa. Sasa hii ni ya kila mtu, ama?"

"Ni ya kila mtu."

"Hata mimi?"

"Wewe si mtu?"

Kimutai akacheka, akaenda. Siku chache baadaye alileta yake ya kwanza ili mzee aione. Springi ilikuwa nene mno, na kifuniko kilifunga kwa kishindo kama mlango wa lori. Kebaso angeweza kumwambia ni nzuri akamwacha apate aibu kwa wateja. Alikuwa na sababu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alitafuta waya mwembamba kwenye kopo lake, akaketi kwenye kigoda, akamwonyesha jinsi ya kuuzungusha. Ilimchukua asubuhi nzima, kwa kuwa Kimutai ana mikono mizito.

Siku moja alifika mwalimu kutoka upande wa Bomet, mpenzi wa kuvua, ambaye alikuwa amesikia habari za rili zisizonaswa na michai. Alichukua moja kwa Kebaso na moja kwa Kimutai, akazishika zote mbili katikati ya vibanda.

"Mzee, nisaidie," alisema. "Ya mwenyewe ni ipi hapa? Sitaki ya kuiga."

Kimutai aliacha kuchomelea. Aliinua miwani yake ya kazi, akamtazama Kebaso, akaona haya.

Kebaso alizichukua zote. Alibonyeza hii, akabonyeza ile, akasikiliza makomeo.

"Zote zinafunga," akasema.

Mwalimu alizijaribu tena moja moja, akanunua ya Kimutai, iliyopakwa rangi nyekundu. Kebaso aliipangusa yake kwa pindo la koti, akairudisha rafuni, akaketi.