Kompyuta Iliyovushwa Mpaka Kabla ya Jumanne

Kuna harufu moja inayonirudisha Malaba hata nikiwa nimeketi Busia na bisibisi mkononi. Ni harufu ya vumbi lililopata joto ndani ya kompyuta. Nikifungua mashine kuukuu, lile vumbi la kijivu likanigusa pua, mimi si fundi tena mwenye kibanda chake na wateja wanaonung'unika mlangoni. Mimi ni mtoto wa miaka kumi, nimechuchumaa chini ya meza ya Mama, nasikiliza feni ikivuma.

Juzi mteja alikuja ameikumbatia kompyuta yake. Alikuwa amesikia kwenye habari kwamba mfumo anaotumia umefika mwisho wake, akaniuliza, "Dada, sasa itazimika yenyewe tu?" Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimpa kiti nikamweleza polepole, kwa sababu nyumbani kwetu tuliwahi kuuliza swali hilohilo, na jibu tulilojipa lilituvusha mpaka. Habari hii sijawahi kuwasimulia watu wasiotujua. Ninyi nawaamini, ila msinicheke kabla sijamaliza.

Mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Amoit kwa jina la dada yangu mkubwa, alikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi kando ya barabara, pale malori yanaposubiri zamu ya kuingia Uganda. Kompyuta ilikuwa moja tu. Ilikuwa na ule mfumo wa zamani ambao ukiwaka ulikuonyesha kilima cha kijani na mawingu meupe, nami niliamini kabisa kwamba kilima hicho kiko nyuma ya mwamba wa Tororo tuliouona kila siku. Duka likifungwa, mashine ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Asubuhi Mama aliipangusa vumbi kwanza, viatu vyake baadaye.

Kila aliyeingia dukani alikuwa na msimamo wake kuhusu kompyuta. Wafula, ajenti wa forodha aliyechapisha karatasi zake kwetu, aliapa kwamba mifumo mipya ni maringo matupu na kwamba ule wa kilima hautapata mrithi. Dereva mmoja wa Mombasa alishikilia kwamba mashine lazima ipumzishwe saa ya chakula cha mchana, kama injini iliyopanda mlima. Mama aliwasikiliza wote na kuwafuata wote, ndiyo maana saa saba kamili tulizima kompyuta na kula.

Msimamo wake mwenyewe ulikuwa mmoja, na haukuwa na mjadala: flashi hazikanyagi duka lake. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva, aliwahi kuleta flashi iliyojaa nyimbo, na virusi vilivyokuwa ndani vikaficha faili za watu wiki nzima. Tangu siku hiyo Mama aliziba tundu zote za flashi kwa plasta, ile ya kubandika vidonda. Mteja akitaka kitu, alikichapisha kwenye karatasi, akaenda zake.

Sasa, Amoit. Alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni kule Butula, na alisoma somo la kompyuta. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza programu yake mwenyewe, na asiyekuwa nayo hakutarajia alama za maana. Shuleni mashine zilikuwa chache na waliozigombania ni wengi, kwa hiyo Amoit alianza kazi yake dukani likizo ya Desemba, akaiendeleza kila aliporuhusiwa kuja nyumbani. Programu yenyewe ilikuwa ya kuandikisha malori yanayosubiri: namba ya gari, jina la dereva, mzigo, siku alizokaa kwenye foleni. Mimi nilikuwa macho yake. Nilisimama mlangoni nikimsomea namba kwa sauti, za Kenya, za Uganda, za Rwanda, naye akizigonga kwenye kibodi bila kutazama vidole. Alikuwa amesema wazi kwamba akimaliza shule atasomea kompyuta chuo kikuu, na Mama alikuwa amewatangazia wateja wote, waliouliza na wasiouliza. Kazi hiyo yote ilikuwa ndani ya mashine ile moja. Nakala nyingine haikuwepo.

Kisha siku moja redio ikasema kwamba mfumo ule wa kilima unafika mwisho Jumanne inayofuata. Aliyetuletea habari ni Ojambo, fundi simu wa kibanda cha jirani, mtu asiyekosa maelezo ya jambo lolote chini ya jua.

"Mama Amoit, umesikia? Hiyo mashine yako mwisho ni Jumanne. Wanaizima."

"Nani wanaizima?"

"Wenyewe, wale wanatengeneza. Si uliona vile simu feki zilizimwa?"

Hapo mtu ambaye hakukulia mpakani itabidi anivumilie. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imezima simu bandia nchi nzima. Watu waliamka wakakuta simu zimekufa mikononi. Lakini Malaba tuligundua upesi kwamba ukiivusha simu iliyokufa, ukaitia laini ya Uganda, inafufuka. Ojambo mwenyewe alivusha simu za watu nyingi tu, akarudi na hadithi za jinsi zilivyoita tena kabla hajamaliza kushuka daraja la mpakani. Kwa hiyo kwetu ilikuwa kama sheria: kinachozimwa Kenya, Uganda kinapumua.

"Hiyo ni biashara tu," Wafula akasema kutoka kwenye benchi. "Wanataka tununue mpya."

"Wakizima, na kazi ya mtoto iko ndani?" Mama akamuuliza.

Wafula akasema kwa sauti ya chini kwamba labda ingetolewa kwa flashi. Mama akaitazama ile plasta. "Flashi ya nani? Hizi zenu zenye magonjwa? Na nikitoa nusu, nikaacha nusu, nitamwambia Amoit nini?"

Kumpigia Amoit haikuwezekana. Simu hazikuruhusiwa shuleni, na wiki ile ilikuwa ya mitihani ya kufunga muhula. Mama alisema hataki mtoto aandike mtihani huku moyo uko Malaba. Basi akaamua. Kompyuta itavuka kabla ya Jumanne, itakaa kwa Shangazi Akello, dada yake Baba aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, na hapo itakuwa salama.

Jumatatu asubuhi Mama alichapa barua. Aliyekuwa anawachapia watu wote karatasi za kuvusha mizigo hakukubali kuvuka mikono mitupu. "Kwa yeyote anayehusika," ilianza, na ikaeleza kwamba mashine hii inakwenda kutembelea jamaa na itarudi. Akaipiga mhuri wa duka. Kisha akapinda kitambaa kuwa ngata, akajitwika kichwani kile kioo kikubwa cha kompyuta chenye kichogo, na sanduku la kompyuta tukalifunga kwa mpira juu ya kiti cha baiskeli ya bodaboda. Mwenye baiskeli aliikokota taratibu. Kazi yangu ilikuwa kutembea kando yake na kulishika sanduku lisiteleze.

Getini ofisa aliisoma barua mara mbili. "Mama, hii umejiandikia mwenyewe?"

"Ndiyo, boss. Kwani hapa Malaba kuna mwingine anaandika kunishinda?"

Ofisa akacheka, akaturudishia barua, tukapita.

Ilikuwa ng'ambo, karibu na soko, ndipo nilipokosea. Palikuwa na kijana anayekaanga mayai na kuyaviringisha ndani ya chapati, na alikuwa na mtindo wa kuirusha chapati juu na kuidaka bila kuitazama. Kitunguu kilinukia. Mkono wangu ukaachia sanduku, sijui saa ngapi. Gurudumu likaingia shimoni, mpira ukalegea, na kompyuta ya Mama, yenye kazi yote ya dada yangu, ikaanguka chini kwa ubavu.

Mimi na mwenye baiskeli tulitazamana. Aliweka kidole mdomoni. Tuliiinua, tukaipangusa, tukaifunga tena. Mama alikuwa hatua chache mbele yetu, kioo kichwani, shingo imesimama wima, na mtu aliyebeba mzigo kama ule hawezi kugeuka. Aliendelea kutembea. Niliona nimeponea chupuchupu.

Kwa Shangazi Akello tuliunganisha kila kitu na Mama akabonyeza kitufe. Mashine ililia mara tatu, kilio kifupi kikali, na kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena. Ikalia vilevile.

"Tumechelewa," Mama akasema. "Wameizima hata huku."

Shangazi alileta chai na viazi vitamu. Mama hakugusa. Aliketi mbele ya kioo kile cheusi, mikono mapajani, machozi yakamtiririka bila sauti. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Nilijua ni nani aliyeizima, na hakuwa mtu wa redio. Neno lilinifika kooni, nikalimeza na kiazi. Niliogopa, na niliona aibu.

Tuliiacha kule tukarudi. Jumanne ikafika, Jumanne ikapita. Jumatano nilichungulia ofisi za maajenti moja baada ya nyingine, na kwenye kila kioo kilima kilikuwa pale pale, kijani kuliko jana. Hakuna kilichozimwa. Ojambo aliulizwa, akajikuna kisogo, akasema labda wamesahau Malaba. Watu wakamcheka wiki nzima. Mama hakucheka, kwa sababu sasa jambo lilikuwa baya zaidi: za wengine zilikuwa hai, yake tu ndiyo iliyokufa. Alhamisi tulienda kuichukua, na safari hiyo nilishika sanduku kwa mikono miwili hadi vidole vikafa ganzi.

Amoit alifika Ijumaa na sanduku lake la shule kichwani. Mama alimweleza yote akiwa amesimama, kama anayetoa ushahidi. Nilikuwa nyuma ya mlango nikisubiri dada yangu apige kelele. Mama alipofika kwenye sehemu ya simu feki, Amoit akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi sakafuni.

"Mama, hawaizimi! Ni kama fundi amekwambia hatakuja tena kuziba paa. Nyumba haianguki siku hiyo."

"Sasa mbona imekufa?"

Amoit akaacha kucheka. Akalizungusha sanduku kwenye mwanga, akapitisha kidole pembeni, pale bati lilipobonyea. "Hii imeanguka. Nani ameiangusha?"

Nilijibanza zaidi nyuma ya mlango.

"Mimi," Mama akasema. "Nilikuwa nashusha kwa Shangazi yako, ikaniponyoka."

Niliamini kwamba amechanganya mambo. Niliamini, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba huenda aliigonga mahali, na bonyeo hilo ni lake, si langu. Mtoto akitaka kuponea huamini chochote.

Amoit alifungua ubavu wa mashine kwa kisu cha jikoni. Akachomoa kibao chembamba cha memori kilichokuwa kimelegea, akakitazama, akaniambia nimpe raba yangu ya kufutia penseli. Alisugua ile midomo ya shaba taratibu, akaipuliza, akakisukuma kibao mahali pake hadi kikalia tak. Kisha akabonyeza kitufe.

Mashine ililia mara moja tu. Kioo kikafikiri. Halafu kilima kikatokea, mawingu yake yote juu, na baada ya muda malori yetu yakatokea pia, namba kwa namba, zile zile nilizosoma kwa sauti mlangoni. Amoit alipekua kurasa hadi mwisho. "Yote yako," akasema.

Mama aliketi kwenye benchi la wateja akashusha pumzi ndefu. "Asante Mungu," akasema, "asante, asante." Nami nilitoka nyuma ya duka nikakaa juu ya matofali nikicheka peke yangu. Sijui kama nimewahi kupata nafuu kama ile tena. Mwili mzima ulikuwa mwepesi. Niliporudi ndani, plasta moja ilikuwa imebanduliwa na Amoit alikuwa akitoa nakala kwenye flashi mpya, Mama amemsimamia kama askari.

Amoit alipeleka kazi yake, akafaulu, akasomea alichotaka. Mimi nilianza kwa kumshikia raba, kisha bisibisi, na leo kibanda ni changu. Lile neno nililolimeza na kiazi lilinikaa kooni miaka mingi. Mwaka jana tu, nikiwa nimeenda kumsaidia Mama kumenya njugu, nililitema.

"Mama, ile kompyuta niliiachia mimi. Pale sokoni ng'ambo."

"Najua," akasema, bila kuinua macho.

"Ulijuaje? Ulikuwa na kioo kichwani, hukuweza kugeuka."

"Masikio hayakuwa yamebeba kitu. Kishindo nilikisikia; maana yake niliijua Amoit alipoonyesha bonyeo."

Nikamuuliza mbona alimwambia Amoit kwamba ni yeye.

Mama alipuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Ulikuwa umeanza kuzipenda hizo mashine," akasema. "Ungepigiwa kelele siku hiyo, usingeigusa nyingine tena."

Miaka yote hiyo nilidhani kilichookolewa wiki ile ni kazi ya Amoit tu.