Rundo la Mama Nusu

Chuoni tulimwita Mama Nusu, maana alama zote alizotoa zilikuwa na nusu: kumi na mbili na nusu, saba na nusu. Nimekaa naye chumba kimoja cha ofisi miaka kumi na moja. Alianza kusahihisha saa mbili asubuhi, akifuata orodha ya majina ya ukoo kwa alfabeti bila kuruka mtu, na kufika alasiri, jua likipenya pazia letu chakavu, macho yake yalikuwa yameshachoka. Alisema mistari huanza kuelea, na sauti za wanafunzi humjia kwa mbali, wakimsomea majibu kutoka chumba cha pili. Mimi nilimcheka tu.

Chuo kilipoleta akili mnemba ya kusahihisha, waliifundisha kwa karatasi zake za zamani, kwa mpangilio uleule. Ikatoa nusu kama yeye. Alifurahi, akasema sasa atasinzia kihalali.

Kisha akaja binti wa mwaka wa mwisho. Alikuwa na thelathini na nane na nusu, na chini ya arobaini mtu huondolewa chuoni. Hakulia. Aliomba karatasi yake isomwe tena.

Mama Nusu aliisoma taratibu, midomo ikicheza. "Hii ni hamsini na mbili na nusu," akasema. Akaniomba niipitishe tena kwenye mashine, safari hii ikiwa ya kwanza kwenye rundo. Ikapata hamsini na moja na nusu. Nikairudisha chini kabisa ilipokuwa, ikapata tena thelathini na nane na nusu.

Mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa imejifunza ualimu wake wote, pamoja na uchovu wa alasiri. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu, maana mimi pia husahihisha kwa kufuata orodha.

"Kumbe ni mashine," binti akasema, akishusha pumzi. "Nilijua si wewe, Mwalimu."

"Ni mimi, mwanangu. Imejifunza kwangu."

Binti akainamisha kichwa.

"Jina la ukoo wetu huwa la mwisho siku zote," akasema. "Dada yangu ulimfundisha kabla mashine haijaja. Alianguka katika somo lako, wakamwondoa."

"Yuko wapi sasa?"

"Yupo nyumbani. Mpaka leo anasema hana kichwa cha shule."

Mama Nusu akavua miwani, akaiweka juu ya rundo.

"Nipeleke kwake," akasema.